Nilimfukuza Baba Nakiru kwa Kelele ya Difu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asije mtu akanitafutia kisingizio habari ikiwa katikati. Nilimfukuza mume wangu mbele za watu, nikamnyang'anya ufunguo wa gari mkononi, kwa kelele ambayo hakuisababisha yeye. Walionidanganya nitawasema humu. Majina nimeyabadilisha, lakini wenyewe wakisoma watajijua. Na wajijue!

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, tumwite Nakiru. Nimezaliwa Lodwar, nikasoma Lodwar hadi kidato cha nne. Mume wangu ni wa Katilu, kule watu wanakolima kwa maji ya mto Turkwel. Nyumbani kwetu ni wafugaji, na wafugaji wa kwetu wana mdomo. Kwao mtu anayelima ni mtu aliyeshindwa na mbuzi. Tangu alipokuja kuniposa walimwita "mtu wa mtama." Yeye alikuwa anacheka tu.

Mbuzi wa mahari alitoa. Ngamia alitoa. Ng'ombe ndio hakumaliza, kwa sababu ukame uliwamaliza kabla yake. Na kwetu, mahari isipoisha, wewe bado ni wa boma la baba yako, na mtoto wako vilevile. Kaka zako wana sauti juu yako kumshinda huyo unayelala naye. Mimi kwa sababu nimeshika kalamu, nilijiona nimeyapita maneno hayo. Uongo! Yalikuwa yamelala ndani yangu, yanangoja mtu wa kuyaamsha.

Tulinunua pikapu kuukuu kwenye mnada. Mimi niliuza mbuzi wangu, yeye akauza mahindi yake. Kazi ilikuwa kubeba samaki wakavu kutoka ufukweni kule Kalokol, tukapita Lodwar, mpaka Kakuma kambini, ambako akina mama wa Kongo wanapenda samaki wetu kuliko sisi wenyewe. Baba Nakiru anaendesha, mimi natafuta mzigo na wateja. Tulikula vizuri jamani. Mtoto alinawiri.

Sasa ngoja niwaeleze hii difu, maana wengi mnapanda magari hamjui mnakalia nini. Difu ni lile bakuli la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Linagawa nguvu kwa magurudumu mawili. Difu ya kawaida ina meno tu ndani. Ya kwetu ilikuwa na meno, tena na sahani ndogondogo zinazobanana, ili gurudumu moja likizama mchangani, lile lingine lisikae linatazama tu. Kwa mchanga wetu huu, hiyo difu ni baraka. Lakini ina adabu yake. Bado ilikuwa na kibandiko cha kiwandani: oili ya LSD pekee, yaani ya difu yenye sahani.

Nilipokiona kibandiko hicho nikampigia simu muuzaji wa oili Kitale. Akaniambia, "Mama, hapo usiweke oili ya mapipa. Chukua oili ya difu namba tisini, iwe imeandikwa GL-5 kwenye mkebe, pamoja na hiki kichupa cha dawa yake. Bila dawa, zile sahani zitakamatana vibaya. Kila ukipiga kona gari litaguna. Likiguna tu, jua ni hiyo."

Likiguna tu, jua ni hiyo! Niliambiwa hivyo kwa Kiswahili safi. Kwa hiyo msidhani nilikosea kwa kutojua. Nilijua!

Mzigo wa oili ulifika kwa basi siku ambayo Nakiru alikuwa amewaka homa. Baba yake alikuwa ametangulia Kalokol kwa bodaboda kukusanya samaki. Gari lilikuwa kwa kaka yangu mkubwa, nimwite Ekai, ambaye hufanya kazi za gereji pale mjini. Nikampelekea mikebe na kichupa, mtoto mgongoni analia.

"Kaka, hiki kidogo ndicho chenye kazi. Usikisahau."

"Wewe dada, unanifundisha?" akacheka. "Mimi nilianza kufungua difu wewe bado unachezea mchanga. Enda, peleka mtoto zahanati."

Niliporudi alikuwa amenawa mikono. "Tayari," akasema. "Nimemimina yote. Na dawa yako pia, mama dawa!"

Nikamshukuru, nikampikia chai ya maziwa. Sikuuliza mikebe mitupu iko wapi. Nani anamuuliza ndugu yake mkebe mtupu?

Safari ya kwanza baada ya hapo, Baba Nakiru alikuwa anaingia sokoni Lodwar, kona ile ya kubana, gari likaguna. Liliguna kama ngamia anayelazimishwa kupiga magoti na hataki. Krrr! Nyuma kote kukatetemeka. Akanyoosha usukani, kimya. Akapiga kona nyingine, krrr! Akashuka, akaingia chini, akatoka na vumbi usoni.

Jioni aliniambia, "Mama Nakiru, dawa haikuingia."

"Iliingia. Ekai aliweka."

"Ulimwona akiweka?"

"Ni kaka yangu."

"Sikuulizi kama ni kaka yako. Nakuuliza kama ulimwona."

Jamani, lile swali! Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na mimi likaniuma kama tusi. Akasema kesho atafungua nati ya chini aitazame ile oili, kazi ndogo tu. Nikakataa. Nilisema akifungua kazi ya kaka yangu atakuwa amemwita mwizi, na mimi siwezi kuleta ugomvi kwenye boma kwa sababu ya kelele. Akaninyamazia. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na mimi nilizoea kudhani anayenyamaza ameshindwa.

Wasomaji, ningemwacha afungue ile nati siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Kelele ikakua. Mwanzo ilikuwa ya kona peke yake. Halafu ikawa hata kwenye lami iliyonyooka, uuuuu, kama upepo unaopita kwenye mtungi. Nikaenda kwa mama kulalamika, nikamkuta Ekai amekaa kivulini anatafuna tumbaku yake.

"Difu haiuliwi na oili," akasema. "Difu inauliwa na dereva. Shemeji anazidisha mzigo. Halafu akifika kwenye laga, mto mkavu wenye mchanga, badala ya kwenda polepole, anakanyaga tu. Mtu wa jembe atajulia wapi gari?"

"Lakini inaguna kwenye kona, kaka. Yule wa Kitale alisema..."

"Yule wa Kitale ni mfanyabiashara. Mimi ni damu yako." Akatema mate pembeni. "Na wewe ujiulize, kwa nini safari za Kakuma zinachelewa kurudi."

"Kuna nini Kakuma?"

"Mimi sijui. Mimi ni fundi tu. Si umuulize anayekwenda."

Mama alikuwa anachochea moto. Hakuinua uso. Alisema tu, "Ng'ombe hajamaliza na tayari anachelewa kurudi." Basi. Maneno hayo tu, na mimi nilirudi nyumbani nimebeba kichwa kizito kuliko gunia la samaki.

Nilianza kumchunguza mume wangu. Akirudi nanusa shati. Akipokea simu nasimama karibu. Yeye anazungumzia difu, mimi nasikia wanawake. "Tunaiua gari," ananiambia. "Niruhusu nifungue." Nami namjibu, "Anayeiua ni wewe." Tukawa hatuli sahani moja.

Sasa fika Kalokol siku ile.

Tulikuwa ufukweni tumepakia. Watu wamejaa, wanawake wa samaki, wenye mitumbwi, wachukuzi. Baba Nakiru akaanza kugeuza gari likiwa na mzigo. Likaguna, likaruka, likatetemeka mpaka bunda moja la samaki likaanguka. Mama mmoja pale ana mdomo, akapiga kelele, "Weh! Hii gari inataka kuzaa! Leteni mkunga!"

Watu wakacheka. Baba Nakiru naye akacheka. Huko kucheka kwake ndiko kulikoniwasha. Niliona wanacheka mali yangu, mbuzi wangu niliowauza, na yeye anacheka pamoja nao. Nikaenda dirishani.

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Nimesema shuka kwenye gari langu!"

"Mama Nakiru, twende tuongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Nilisema hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka majini. "Maliza ng'ombe kwanza ndipo useme nyumbani! Rudi ukalime mtama wako!"

Hata yule mama mwenye mdomo aliniambia taratibu, "Ai, dada. Hilo usiseme hapa." Lakini lilikuwa limeshatoka. Nikaingiza mkono dirishani nikachomoa ufunguo. Na kuna jambo lingine nililosema kuhusu Kakuma na wanawake wake, nalo siwezi kuliandika, maana mama yangu mdogo husoma.

Alishuka. Akachukua shati lake nyuma ya kiti, akalikung'uta vumbi, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akaniambia, "Nitakuja kumsalimia mtoto." Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Hakugeuka nyuma.

Nikampigia Ekai simu, akaja kwa bodaboda, akawa dereva. Siku hiyohiyo! Alikuwa kama mtu aliyeoga asubuhi akingoja.

Lakini kelele haikuisha. Hapo mwenye macho angeona. Dereva mbaya ameondoka, kelele imebaki, sasa ni nani? Mimi sikuona. Ekai aliniambia, "Yule ameondoka na kinyongo. Ameacha laana kwenye gari. Na hili gari hatukulichinjia tulipolinunua, ndiyo shida." Wazee wa boma letu wakaitikia kwa vichwa. Kweli hatukuwa tumelichinjia, kwa sababu Baba Nakiru na mimi tuliomba kanisani tukaona inatosha.

Akachagua mbuzi mwenyewe. Katika mbuzi wangu wachache waliobaki, alichagua dume mwekundu niliyemlea tangu anyonye, mbuzi niliyekuwa nimemwekea Nakiru. Akachinjwa. Wazee wakachukua yale majani mabichi ya tumboni mwake, yale ya kijani, wakalipaka gari kama inavyopakwa heri: boneti, milango, magurudumu. Ekai akaingia chini akaipaka difu yenyewe. Difu ambayo alijua kilichomo ndani! Wazee wakaomba, sote tukaitikia. Na kaka yangu akaketi, akala mbavu za yule mbuzi mpaka mafuta yakamtiririka mkononi, akawa analamba.

Hapo ndipo damu inanichemka mpaka leo. Oili iba. Sema uongo. Lakini ukae na wazee wa baba yako wakimwomba Mungu aondoe kitu ulichokiweka wewe, halafu uombe nyongeza ya nyama?

Gari likalala kwake, eti baraka zitulie. Kulipokucha akaniletea. "Panda usikilize."

Nikapanda. Tukapiga kona ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya! Barabarani, kimya, kama gari jipya. Nililia, wasomaji. Nilimsifu Mungu, nikamsifu mbuzi, nikamsifu kaka yangu. Na sokoni nikatangaza kwa mdomo wangu kwamba mkosi wa gari ulikuwa yule mwanamume.

Wiki hiyo alikuja kumwona mtoto. Alibeba mahindi mabichi, yale Nakiru anayoyapenda ya kuchoma. Nikasimama mlangoni.

"Amelala," nikamwambia.

Nakiru alikuwa nyuma ya sketi yangu, macho wazi, ameshika mguu wangu. Baba yake alimwona. Akanitazama, akaweka mahindi chini, akaenda.

Kimya kile hakikudumu. Tulikuwa njiani kwenda Kakuma, mabati ya kambi tunayaona kwa mbali yaking'aa, nikasikia harufu ya kuungua. Harufu ya mbao! Nikamwambia Ekai, akasema ni lori lililopita. Halafu nyuma kukapasuka kitu, kah! Magurudumu yakajifunga, gari likaburuta lami, likasimama upande.

Ekai akashuka, akachungulia chini mara moja tu. Uso wake ulibadilika. "Kaa na mzigo," akasema, "narudi Lodwar kuleta vifaa." Akasimamisha lori, akapanda. Hakurudi. Aliniacha juani na samaki wangu, barabarani, mimi mwanamke peke yangu!

Msamaria mmoja akanivuta mpaka Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongomani, mume wa mama mmoja anayenunua samaki wetu. Nimwite Papa Amani, na mkewe Mama Amani. Papa Amani akaweka beseni, akafungua nati ya chini ya difu. Hakikutoka kitu. Akatikisa kichwa. Akachukua waya, akachokoa. Pakaanza kushuka uji mzito wa kahawia, vipande vipande, na vyuma ndani yake vinametameta.

"Eh mama!" akaniita. "Ni nani alipika bugali ndani ya difu?"

Watu wakaja kutazama. Akachukua kidogo kwa vidole, akasugua, akanusa. "Hii ni vumbi ya mbao. Bale benye kuuza gari mbaya, banaweka humu ili isipige makelele siku ya kuuza. Njo wewe walikuuzia lini hii gari?"

"Hawakuniuzia leo," nikasema. "Ni yetu."

Akafungua difu yote. Meno yameliwa. Zile sahani ndogo zimeungua, zimekuwa za bluu. Akaniuliza kama dawa ya sahani iliwekwa. Nilikuwa nimekaa chini, kwenye mchanga wenye oili, na gauni langu zuri.

Mama Amani akaja kunishika bega. "Na bwana yako yuko wapi? Yule mpole?"

"Kwa nini unamuuliza?" Nilimrukia, Mungu anisamehe. Nilidhani ndiye yule mwanamke wa Kakuma.

"Namuuliza kwani alikuwa anasaidia bamama kushusha magunia mpaka ya mwisho, hata ya benye hawakununua kwake. Tunamwambia akae akule, anakataa. Anasema mtoto wake anangoja. Tunamcheka, tunasema huyu baba anaogopa bibi yake!"

Basi ndiyo sababu ya kuchelewa. Magunia ya wamama.

Nilirudi Lodwar kwa lori. Nilimkuta Ekai palepale kivulini kwa mama, tumbaku shavuni.

"Ejok, dada," akanisalimia. Ejok! Kama vile hakuna kitu!

"Vumbi la mbao ulilitoa wapi?"

Akacheka. "Kelele ziliisha ama hazikuisha?"

"Nakuuliza!"

"Kwa seremala. Si ulikuwa unalia kila siku, gari, gari, gari? Nikakunyamazishia."

"Na oili yangu? Na dawa?"

"Kuna mtu wa hapa mjini ana gari kama lako, aliitaka sana. Nikamwachia. Kwako nikaweka ya pipa, oili ni oili." Akainua mikono kama mtu aliyechoshwa na mtoto. "Dada, usinitolee macho. Yule hajamaliza ng'ombe. Mimi nikae nitazame mtu wa mtama akiendesha mali ya boma letu? Wewe mwenyewe ndiye uliyemfukuza. Mimi nilichukua ufunguo kwake? Nilikuwa Kalokol mimi?"

Ni kweli. Hilo ndilo lililoniua: ufunguo niliuchomoa mimi.

Nikamgeukia mama. "Mama, umesikia?"

Mama alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. "Nilijua ya oili," akasema. "Alinipa sukari na majani ya chai siku ile, nikajua imetoka wapi. Ningefanya nini? Ni mtoto wangu."

"Na mimi?"

"Wewe una kazi. Wewe umesoma. Utapata nyingine."

Nasema wazi, na watu wa kwetu wakasirike wakitaka: Ekai alinivunjia difu, lakini mama ndiye aliyenivunja mimi. Alinitazama nikimchukia mume wangu kwa kosa la mwanawe, akanichochea na maneno ya ng'ombe, na sukari ya oili yangu ikiwa ndani ya chai aliyonipa. Mpaka leo ananiambia nisamehe kwa sababu damu ni damu. Na mimi nilikuwa nini, maji?

Nikamchukua Nakiru nikaenda Katilu.

Tulimkuta shambani, anafungua mfereji kwa jembe, suruali ameikunja. Nakiru alikimbia kwenye tope na viatu vyake vya kanisani. Akambeba, akamrusha juu, mtoto akacheka kicheko ambacho sikukisikia kwangu siku nyingi. Mimi nilisimama ukingoni. Nikamweleza yote, sikuficha hata sukari. Yeye aliendelea kumfuta mtoto tope miguuni.

"Nilikwambia tufungue," akasema.

"Ulisema."

"Ungekataa hilo tu, ningerudi. Watu hugombania magari." Akainua uso. "Lakini lile neno la ng'ombe Ekai hakukupa. Hata mama yako hakukutia mdomoni, ulilitoa mwenyewe. Wao walinitukana tangu mwanzo na nikakaa. Nilikaa kwa sababu wewe hukuwahi kulisema."

Nikapiga magoti pale kwenye ukingo wa mfereji. Mimi, na kiburi changu chote! Akaniambia niinuke, watu wanatazama, tayari tumeshatazamwa vya kutosha.

"Ng'ombe nitamaliza," akasema. "Kaka zangu wananisaidia. Nikimaliza, Nakiru atakuwa wa hapa, hakuna mtu wa kusimama mlangoni kuniambia amelala. Wewe siwezi kukuahidi kitu. Nikikudanganya nitakuwa kama wao."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa na tumaini.

Gari limepona. Papa Amani alinipatia difu nyingine ya aina ileile, na safari hii nilimimina oili kwa mkono wangu: namba tisini, GL-5, kisha kichupa cha dawa mpaka tone la mwisho. Kisha nikaliendesha polepole uwanjani, mizunguko ya kulia, mizunguko ya kushoto, ili dawa iingie kati ya sahani. Siku hizi ninaendesha mwenyewe. Halina kelele kabisa. Wachukuzi wa Kalokol wananisifu, na mimi nikisifiwa nawasha gari naondoka.

Nakiru yuko Katilu likizo hii. Sijui likizo ikiisha atarudi, au mimi ndiye nitakayemwomba baba yake ruhusa ya kumsalimia.

Sasa nyinyi mnaosoma. Kama una gari, soma kibandiko cha difu kabla hujanunua oili. Ikitaka dawa, ipe dawa, na simama hapo hapo mpaka uone chupa inapinduliwa mdomo chini, hata kama anayeipindua mmenyonya ziwa moja. Gari likiguna kwenye kona, usiite mganga, usichinje. Na likinyamaza ghafla bila mtu kulitengeneza, hapo ndipo uogope!

Na dada zangu, hasa nyinyi ambao mahari yenu haijaisha: siku mtu wa kwenu akianza kukuhesabia ng'ombe ambao mumeo hajaleta, muulize yeye ametaka nini kwako. Mimi sikuuliza. Mwanamume aliniomba ruhusa ya kufungua nati moja, nikaona kumwamini ni kuwasaliti watu wangu.

Watu wangu! Wako Lodwar, wanakula vizuri. Juzi wamenitumia salamu kwamba wanahitaji gari la kubebea maji.

Ufunguo nalala nao mkononi.